Kidole Gumba cha Mbodze

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hao, kwa hakika, hawakupata kugonga kokoto Kwa Tinga.

Kwa Tinga ni machimbo ya mawe kule Mwakirunge, upande wa Kisauni ambako lami huishia na vumbi likaanza. Upande mmoja ni jaa la taka za mji mzima, upande wa pili ni shimo la mawe, na katikati ni sauti ya nyundo kuanzia asubuhi hadi alasiri. Wanaume hukata matofali ya mawe chini shimoni. Wanawake hukaa juu, miguu wameinyoosha mavumbini, kila mmoja na jiwe lake la kugongea mbele yake na lundo lake la kokoto ubavuni. Gari la mabaki ya mawe likija humwaga mafungu, fungu moja kwa kila mtu.

Sasa ikiwa mwenzao amefiwa, au amejifungua, au amelazwa hospitali, hawamwachi hivi hivi. Kila mwanamke wa Kwa Tinga ana champali kuukuu ya mguu wa kushoto aliyoiacha pale kwa kazi hiyo tu. Asipokuja, champali yake huwekwa juu ya jiwe lake, na siku hiyo huhesabiwa kuwa yupo. Fungu lake humwagwa. Wenzake hupokezana kuligonga. Mnunuzi akiuliza mwenye lundo lile yuko wapi, haambiwi kwamba amekwenda matangani Ganze au yu kitandani na homa. Huambiwa, "Yupo." Hakuna anayeona kuwa huo ni uongo, na mimi pia sioni.

Mtunzaji wa champali hizo alikuwa Mbodze. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na kati ya hiyo thelathini na minne aliipitishia pale pale, juu ya jiwe lile lile. Alikuwa na sababu ya kuiheshimu desturi. Mumewe alipofukiwa na ukuta wa shimo, naye Mbodze ana kitinda mimba anayenyonya, champali yake ilikaa jiweni siku arobaini. Aliporudi kutoka matangani alikuta lundo lake ni kubwa kuliko alivyoliacha. Alilia siku hiyo kuliko alivyolia mazikoni. Tangu hapo ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kujua nani hayupo, na akishajua, huinama kwenye gunia la champali na kutafuta ya mhusika.

Vidole vyake vilikuwa vimelainika kwa namna yake. Haukuwa ule ulaini wa mtu akaaye kivulini. Ulikuwa kama ule wa kizingiti cha mlango kilichokanyagwa miaka na mikaka. Jiwe hula ngozi polepole, na vumbi la chokaa humalizia. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvitazama. Vidole hushika nyundo, na nyundo ikishikika, kuna haja gani ya kuvitazama?

Siku moja akaja Lenox. Kijana wa bara, mtanashati, viatu vyake vikiwa vyeupe kwa vumbi na yeye mwenyewe akijitahidi asiviangalie. Alitoka katika ofisi moja ya mjini yenye jina refu, na kazi yake ilikuwa kushirikisha watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu vumbi, hatuna jingine."

Lenox alicheka, akachuchumaa. Jambo hilo peke yake liliwashangaza, kwani wakubwa wa aina yake huzungumza wamesimama. Akawaeleza kwamba inatungwa sera mpya ya ujumuishi na usawa kwa watu wa machimbo na wa jaa. "Safari hii hatutaki kuwaandikia mambo tukiwa mezani kwetu," alisema. "Tunataka nyinyi wenyewe mseme. Hakuna atakayeachwa."

Tusimcheke Mbodze kwa kumwamini. Kwa miaka thelathini na minne hakuna mtu aliyewahi kuwauliza wanawake wale jambo lolote, isipokuwa bei ya kokoto.

Kikao kiliwekwa Jumanne, Magogoni. Bahati mbaya Jumanne hiyo ndipo lilipokuja gari la mawe baada ya juma zima la ukame. Ukiliacha gari, wiki hiyo hakuna sima. Ikabidi aende mmoja.

"Mathe, enda wewe," alisema Florence. Florence alikuwa mgeni pale. Alikuwa Mluhya aliyepunguzwa kazi katika kiwanda kimoja Changamwe, na mwaka wake wa pili juu ya jiwe ulikuwa haujaisha. "Wewe huogopi mtu. Na sisi tutakugongea."

Mbodze akafunga leso yake mpya, akaenda. Nyuma yake, champali yake mwenyewe ikabaki jiweni.

Ukumbi wa Magogoni ulikuwa wa kukodi, ghorofa ya kwanza, feni nne darini. Mzee mmoja wa kiti cha magurudumu alibebwa na vijana wanne kupandishwa ngazi, jasho likiwatoka, ili aje ajumuishwe. Watu wa ofisini walisema sana. Walitaja usawa mara nyingi hata Mbodze akaanza kuhesabu, akaacha. Zamu yake ilipofika alisimama.

"Mimi ni Mbodze, nagonga mawe Kwa Tinga," alisema. "Tuna jua, hatuna kivuli. Tuna haja, hatuna choo. Kama mwaweza tupeni hivyo viwili, Mungu atawalipa. Na kama hamwezi, basi hata msitupe, lakini njia ya kuingilia kazini msitufungie. Pale ndipo tunapokula."

Wakampigia makofi. Lenox aliandika kila neno, kichwa kikiyumba kwa kuafiki.

Kisha ikaja karatasi ya mahudhurio. Msichana aliyeitwa Mercyline alikaa nayo mlangoni, na kidau cha wino kando. Asiyejua kuandika alibonyeza kidole gumba. Mbodze akabonyeza.

"Na kutoka Kwa Tinga mko wangapi kwa jumla?" aliuliza Mercyline.

"Thelathini na wawili."

Mercyline akauzungusha uso ukumbini. "Wako wapi?"

"Wapo," alisema Mbodze.

Ndivyo alivyojibu maisha yake yote, na neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Lenox alikuwa amesimama karibu. Alikuwa amewaahidi wakubwa wake watu mia, na ukumbini walikuwemo sitini na kitu. Akainama.

"Wapo kweli, mama?"

"Wapo, mwanangu. Majina yao yote ninayo."

Hapo sitaficha ninavyomwona. Kijana yule alijua. Aliitazama feni ikizunguka, akaitazama mizunguko mitatu au minne hivi, kisha akasema taratibu, "Basi waandike, Mercyline."

Mbodze akataja jina, Mercyline akaandika, kidole kikashuka. Jina, kidole. Jina, kidole. Aliwataja kwa mpangilio wa mawe yao, kuanzia lile la ukingoni mwa shimo hadi lile la karibu na njia, asije akamruka mtu. Alijisikia fahari. Kwa mara ya kwanza alikuwa amewawekea wenzake nafasi mahali penye feni.

Kila jina lilikuwa na pakiti yake ya pilau. Mbodze alirudi Kwa Tinga na gunia kichwani, pilau thelathini na mbili zingali na moto, na hapakuwa na mwanamke aliyeshika nyundo tena siku hiyo. Walikula wakacheka hadi machozi.

"Hii sera ni tamu," alisema Florence, akiilamba karatasi.

Miezi saba ikapita kimya. Mwezi wa nane wakaja mafundi wakazungushia machimbo waya, wakasimamisha lango, wakalipaka rangi ya kijani. Nyale, msimamizi wa machimbo, akatundika ubao na kuwasomea. Kuanzia tarehe mosi ya mwezi uliofuata, atakayeingia ni mwenye kadi tu. Kadi ina picha na alama za vidole. Mwenye kadi atapata glavu, barakoa, na matibabu akiumia. Kivuli kitajengwa. Choo kitachimbwa.

Vigelegele vilipigwa. Na kwa kweli sera ile, ukiisoma, haina neno baya hata moja.

Mashine ililetwa siku ya Jumatatu. Aliyekuja nayo aliitwa Jafar, kijana wa Kisauni, mpole, mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono. Kilikuwa kisanduku kidogo chenye kioo. Unaweka kidole, taa ya kijani ikiwaka umesajiliwa. Florence akaweka, kijani. Akafuata mwingine, kijani. Mbodze akafuta mkono kwenye leso, akaweka kidole.

Nyekundu.

"Hebu pangusa vizuri, mamangu," alisema Jafar. "Tia tena."

Nyekundu. Akatia cha shahada, cha kati, cha pete. Akabadilisha mkono. Jafar alikifuta kioo kwa upindo wa shati lake, akakipulizia pumzi, akamshika kidole yeye mwenyewe na kukikandamiza kwa upole. Nyekundu, nyekundu, nyekundu.

"Mashine haikuoni, mama."

"Hainioni vipi, nami ni huyu hapa?"

"Huna alama. Zimefutika."

"Zimefutikia hapa hapa kazini, mwanangu. Si mahali pengine."

"Nakuelewa, wallahi nakuelewa. Lakini hii haina pa kuandika hayo."

Jioni ilipofika, wanawake ishirini na mmoja walikuwa wamesajiliwa, na kumi na mmoja walikuwa wamekataliwa. Ilikuwa kama mtu amewapanga kwa umri. Waliokaa juu ya jiwe miaka miwili, mitano, minane, mashine iliwakubali. Waliokaa ishirini, thelathini, mashine haikuwaona. Waliotumika zaidi kwa kazi ile ndio walioonekana kuwa si wa kazi ile. Mimi sina elimu ya kutunga sera, lakini hata mtoto angeuliza swali hapo.

Jafar aliwapa shauri kabla ya kuondoka. "Pumzisheni mikono. Msishike jiwe hadi tarehe mosi. Pakeni mafuta ya nazi usiku na mchana. Ngozi hurudi, inshallah. Mimi nitakuwa Magogoni, njooni mjaribu tena."

Wakapumzisha. Lango lilikuwa bado wazi, na champali kumi na moja ziliwekwa juu ya mawe kumi na moja. Waliobaki wakagonga mafungu yao na ya wenzao, ishirini na mmoja kwa thelathini na wawili, bila kulalamika wiki ya kwanza, na kwa kulalamika kidogo wiki ya pili. Mbodze alikaa nyumbani, mikono imejaa mafuta, hawezi kushika hata kikombe kisimteleze. Hakuwahi kukaa bure tangu utoto wake. Kila asubuhi alitoka uani, akakielekeza kidole gumba juani na kukigeuza geuza. Aliona haya kujitazama hivyo, mtu mzima kama yeye, kama mwari anayejitazama kiooni. Akatazama tu. Maisha yake yote yaliyobaki yalikuwa yanangojea ngozi ya ncha ya kidole.

Siku ya ishirini na moja aliona mistari. Ilikuwa mitatu, myembamba, imepinda upande mmoja karibu na kucha. Alimwita jirani aje athibitishe. Jirani akakodoa macho akasema ndiyo, naye anaiona. "Ee Mulungu, ahsante!" Mbodze alipaza sauti. Akavaa leso, akaenda Magogoni hali mikono ameikumbatia kifuani isije ikagusa kitu.

Jafar alimkaribisha kwa furaha. Mbodze akaweka kidole. Taa ikasitasita, ikawaka manjano, rangi ambayo hawakuwahi kuiona.

"Subiri, yasoma!" alisema Jafar. "Usitikisike, mamangu."

Mbodze hakupumua. Manjano ikazimika. Ikaja nyekundu.

"Imekaribia," alisema Jafar, na sauti yake haikuwa na nguvu. "Miezi miwili mingine hivi, huenda."

Zilikuwa zimebaki siku nne.

Asubuhi ya pili yake wote kumi na mmoja walikwenda kwa Lenox, ofisini kwake. Mwanarusi ndiye aliyekuwa mkubwa wao, mwanamke mfupi wa miaka sitini na sita, mkali wa maneno, na ndiye aliyeanza kusema. Walimwonyesha Lenox mikono. Walimwomba kitu kimoja: awaandikie kadi kwa majina na picha, kama watu walivyoandikwa tangu zamani. Lenox alisikiliza hadi mwisho. Alionekana kuumia kweli.

"Siwezi, mama zangu. Sera imeshapitishwa na imesema alama za vidole. Na si mimi niliyeipitisha. Ilipita kwa maoni yenu wenyewe."

"Yetu sisi?" Mwanarusi aliuliza. "Lini?"

Lenox alifungua kabati, akatoa faili, akaifunua mezani. Ilikuwa karatasi ya mahudhurio ya Magogoni. Juu yake, mahali ambapo siku ile palikuwa na kichwa cha habari tu, sasa palikuwa na aya ndefu ya chapa. Lenox akawasomea: sisi tuliotia sahihi hapa chini tumesoma, tumeelewa na tumeafiki rasimu ya sera hii. Kisha akawaonyesha majina ya Kwa Tinga, thelathini na mawili, na kila jina na dole lake la wino.

Walikuwa hawajui kusoma wengi wao, lakini kila mtu hulitambua jina lake likisomwa.

Mbodze aliwapita wenzake. Akasogea mezani. "Hiki ni changu," alisema, akigusa dole la kwanza. "Na hiki changu. Na hiki. Vyote ni vyangu, mwanangu. Hawa hawakuwepo. Hawajasoma kitu, na mimi sikusomewa kitu."

Lenox aliinuka akaenda kuufunga mlango. "Mama, usiyaseme hayo kwa sauti," alinong'ona. "Hiyo ni kughushi. Watu hufungwa kwa hilo."

"Ulikuwepo. Ulinitazama."

Lenox aliinua macho akaitazama dari. Ofisi ile haikuwa na feni, lakini aliitazama tu.

"Basi nieleze jambo moja, uliyesoma," Mbodze aliendelea. "Angalia madole haya. Hayana mstari hata mmoja, ni madoa matupu. Mbona siku ya kukubali kilitosha kidole hiki hiki, tena kikatosha mara thelathini na mbili, na leo siku ya kupata hakitoshi hata mara moja?"

Lenox aliifunga faili. Akairudisha kabatini.

Nje, kwenye ngazi, Mwanarusi alisimama mbele ya Mbodze akamzuia kupita. "Ulitutilia kidole, Mbodze?"

"Niliwawekea champali. Kama siku zote."

"Champali ni ya kumshikia mtu mahali pake. Si ya kumfungia mlango."

Hakuna aliyemtukana zaidi ya hapo. Ingekuwa afadhali wangemtukana. Walirudi Mwakirunge wote kumi na mmoja na njia nzima hapakuwa na aliyemsemesha. Naye alikumbuka pilau ile, jinsi walivyocheka, akatamani aitapike.

Tarehe mosi walifika wote langoni alfajiri. Waliokuwa na kadi walipita kwa zamu, wakiinamisha nyuso. Wengine waliomba radhi. Nyale alisimama langoni, mikono nyuma, mtu aliyewajua wanawake wale kwa majina ya watoto wao, akawaambia amri si yake. Mbodze akamvuta Florence pembeni, akampa gunia la champali.

"Ziweke juu ya mawe," alimwambia. "Yangu hata ukiiacha, sawa. Hizi kumi ziweke, nakuomba."

"Nitaweka zote, mathe."

Na aliweka. Siku mbili zikakaa. Mafungu yakamwagwa, wenzao wakagonga, jioni wakatoa kupitia waya chochote walichoweza. Siku ya tatu mwenye machimbo alipita kukagua, akauliza viatu vibovu vile ni vya nini. Akaelezwa. Akasema champali hazina kadi. Mchana champali kumi na moja zilirushwa juu ya waya, moja moja, zikaanguka barabarani kwenye vumbi.

Florence alikuja kwenye waya, analia. "Nimejaribu, mathe. Wameniambia wakiniona nazo tena wanachukua kadi yangu. Niko na watoto, unajua."

"Najua, mwanangu. Rudi kazini."

Wiki iliyofuata watu wageni kutoka Chaani, wenye vidole vizuri, walikalishwa juu ya mawe yale kumi na moja. Kivuli kikajengwa kweli, cha mabati, kizuri. Mbodze alikiona kutoka nje.

Yeye hakuondoka. Hakujua pa kwenda. Aliziokota champali, akazipangusa, akazipanga kando ya waya upande wa nje kwa mpangilio ule ule wa mawe. Akajiletea jiwe moja la kugongea, akawa anagonga vijiwe vinavyodondoka kwenye malori yanapotoka langoni. Siku ikiwa njema alipata karai moja. Wenzake mwanzoni walikaa naye, bila maneno mengi, kisha wakapungua. Wawili walikwenda jaani kuokota chupa. Mmoja alikwenda kufulia watu nguo. Mwingine aliugua, na kwa kuwa hakuwa na lundo wala fungu, aliugua mikono mitupu. Mwanarusi alikuwa wa mwisho kuondoka. Aliitazama champali yake pale chini, akafikiri, akaiacha.

Mwezi wa pili wa hali hiyo, mchana wa jua kali, gari jeupe lilisimama kando ya waya. Akashuka Lenox. Alikuwa amekonda kidogo.

"Shikamoo, mama Mbodze."

"Marahaba."

"Nimewapigania, mama. Nimewaambia wakubwa kwamba usajili una changamoto. Wamekubali tukusanye maoni upya." Alichuchumaa kama siku ile ya kwanza, akatandaza karatasi juu ya faili. Juu palikuwa na mstari mmoja wa maandishi na chini yake nafasi nyeupe. Akatoa kidau cha wino. "Ukibonyeza hapa, tumeanza."

"Hapo juu pataandikwa nini?"

"Tutajaza baadaye, lakini ni kwa faida yenu."

Mbodze alikitazama kidole chake. Ile mistari mitatu ilikuwa imeshafutika tena. "Hakisomeki hiki, mwanangu. Wajua."

"Hapa si lazima kisomeke, mama."

Alilisema kwa upole, wala hakusikia alichokisema. Mbodze alisikia. Aliiweka nyundo mapajani. Asipobonyeza, hakuna aliyelalamika, na mambo yatabaki yalivyo. Akibonyeza, hajui ameafiki nini. Mwishowe alichovya, akabonyeza mara moja, doa jeusi lisilo na mstari.

"Ahsante. Na wenzako wako wapi?" Lenox alikuwa na kalamu tayari. "Tunahitaji kumi angalau ili kikao kihesabike. Si lazima waje sasa hivi. Wataje tu, kama siku ile."

Champali kumi na moja zilikuwa zimepangwa pale pale, nyuma ya mgongo wake. Aliyajua majina yote. Angeweza kuyataja usingizini, kuanzia lile la ukingoni.

"Hawapo," alisema Mbodze.

Lenox akazitazama champali. Alikuwa amekwisha kuelezwa desturi ile, zamani. "Na hizi?"

"Hizo ni champali."

"Mama, mkutano wa mtu mmoja si mkutano. Sitaweza kuupeleka."

"Basi usiupeleke."

Lenox akaikunja karatasi yenye dole moja, akaitia mfukoni, akarudi garini. Gari lilipotoweka Mbodze aligeuka, akazitazama champali moja baada ya moja. Katika miaka yote ile hakuwahi kusema neno lile, hayupo, juu ya mwenzake yeyote, wala juu ya waliokufa. Akaweka nyundo chini akalia kwa sauti, na ndani ya waya, chini ya kivuli cha mabati, nyundo ziliendelea kugonga.